Hati na sare za Kapteni Stairs: Uchunguzi juu ya ofisa wa Kiingereza aliyefika Bunkeya

Mwenda Msiri Ngelengwa, mfalme wa Bayeke, aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, nje kidogo ya mji wake wa Bunkeya. Aliyempiga risasi ni Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, ambaye naye alijeruhiwa papo hapo, akafa siku ileile. Habari hizo zimeandikwa mara nyingi, wala hatuna nia ya kuzisimulia upya. Lisiloulizwa sana ni jambo jingine. Kiongozi wa msafara ule, mtu aliyewatuma Bodson na Christian de Bonchamps pamoja na askari wao wakamkamate Msiri, hakuwa Mbelgiji. Alikuwa William Grant Stairs, mzaliwa wa Halifax katika Nova Scotia huko Kanada, kapteni wa jeshi la Malkia wa Uingereza. Alikula mshahara wa Wabelgiji, alipeperusha bendera ya Dola Huru ya Kongo yenye nyota ya manjano, na huku jina lake lilikuwa bado limechapwa katika orodha ya maofisa wa London.

Makala haya yanahusu njia ya kumchunguza mtu wa namna hiyo: wapi hupatikana hati za utumishi wake, zasomwaje, na sare yake yaweza kumwambia nini mwanahistoria. Msomaji huenda akashangaa kuona taarifa ya masomo ya Kiswahili ikijishughulisha na vifungo na kola za askari wa Kizungu. Lakini waliomfikisha Stairs Bunkeya walikuwa wapagazi na askari waliosema Kiswahili. Amri zake zilipita katika lugha hiyo. Na historia ya kuingia kwa lugha yenyewe Katanga haitengani na misafara hiyo, wala na ile ya Waswahili na Wanyamwezi iliyoitangulia. Zaidi ya hayo, mara nyingi tumesoma insha za wanafunzi zinazosema kwamba "Wabelgiji" walimwua Msiri, na nyingine zinazosema "Waingereza", kila moja ikifuata kitabu ilichokipata. Jambo hilo halikatwi kwa ubishi. Hukatwa kwa hati.

Tuanze na mtu mwenyewe. Stairs alizaliwa tarehe 1 Julai 1863 katika ukoo wa wafanyabiashara wenye uwezo. Alisomeshwa Halifax, kisha Edinburgh huko Scotland, na mwaka 1878 akaingia Chuo cha Kijeshi cha Kifalme cha Kingston, Kanada, ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa miaka miwili tu tangu kufunguliwa. Namba yake ya mwanafunzi ilikuwa 52. Namba hiyo si jambo dogo kwa mtafiti, kwa sababu chuo kile kiliwaandika wanafunzi wake kwa mfuatano tangu wa kwanza, na mtu aliyepotea katika orodha za majina yanayofanana hupatikana kwa namba yake. Alipohitimu mwaka 1882 hakuingia jeshini mara moja. Alikwenda New Zealand kufanya kazi ya kupima ardhi. Mwaka 1885 akapewa cheo cha luteni katika Kikosi cha Wahandisi wa Kifalme, akapelekwa Chatham kusini ya Uingereza kujifunza kazi.

Hapa lazima tufafanue jambo moja la jeshi lile. Mpaka mwaka 1871 ofisa wa Kiingereza wa askari wa miguu au wa farasi aliweza kununua cheo kwa fedha, kama mtu anunuavyo shamba, na alipotaka kupumzika akamwuzia mwingine. Wahandisi na watu wa mizinga hawakuwamo katika biashara hiyo hata kabla ya mwaka huo. Kwao ilitakiwa elimu, na kupanda cheo kulifuata zamu ya miaka ya utumishi. Kwa hiyo luteni mhandisi alijua kwamba, hata akifanya maajabu gani, atangoja waliomtangulia. Desturi hiyo ndiyo inayotusaidia kufahamu tendo la Stairs la mwaka 1891, ambalo bila hivyo lingeonekana kama fumbo: aliacha Wahandisi, kikosi chenye heshima kubwa ya elimu, akahamia Rejimenti ya Wales, ya askari wa miguu, na huko akawa kapteni. Alihama kabla tu ya kuondoka London mwezi wa Mei kwa ajili ya safari ya Katanga. Kwa maoni yetu mambo hayo mawili hayaachani. Kampuni ya Katanga, iliyoundwa mwezi wa Aprili mwaka huohuo, ilihitaji kiongozi ambaye Bodson, kapteni wa Kibelgiji, na de Bonchamps, markizi wa Kifaransa, wangemtii bila kunung'unika. Luteni asingefaa. Ukapteni wake ulikuwa mpya kabisa alipoupeleka Bunkeya, na hata kitabu alichokichapa daktari wa msafara, Joseph Moloney, mwaka 1893, kinamtaja kwa cheo hicho katika jina lake.

Mambo haya yanajulikana kwa kutumia vyombo vitatu, na viwili kati ya hivyo vyaweza kusomwa leo hata na mtu aliyeko Lubumbashi, ilimradi umeme uwepo. Cha kwanza ni London Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambamo kila kupewa cheo, kuhama na kujiuzulu kwa ofisa kulitangazwa chini ya kichwa cha Wizara ya Vita. Limewekwa lote katika intaneti, wala halitozi malipo. Ubaya wake ni kwamba mashine iliyosoma kurasa za zamani hukosea herufi, na neno "Stairs", ambalo kwa Kiingereza ni ngazi za nyumba, huleta matangazo ya kila aina yasiyohusika. Afadhali kutafuta kwa jina la kikosi na mwezi, kisha kusoma ukurasa kwa macho. Cha pili ni Orodha ya Jeshi, iliyochapwa kila mwezi, na tangu karibu mwaka 1880 ikawa na toleo la kila miezi mitatu lenye habari zaidi. Sambamba nayo ilikuwapo orodha ya mtu binafsi, ya Hart, iliyoanza mwaka 1839 na kudumu hadi 1915, ambayo wema wake ni maelezo mafupi ya vita alivyopigana kila ofisa. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka nyingi za orodha hizo mahali pa wazi. Mtafiti huweza kumfuata mtu wake mwezi kwa mwezi, akimwona jina lake likipanda ngazi, mpaka mwezi ule ambapo jina halipo tena.

Chombo cha tatu ni daftari zenyewe za utumishi, zilizoko Makavazi ya Taifa ya Uingereza, Kew, karibu na London. Kwa karne ya 19 daftari za rejimenti zimo zaidi katika mfululizo uitwao WO 76, na nyingine, pamoja na za Wahandisi, katika WO 25. Herufi hizo mbili ni ufupisho wa Wizara ya Vita. Ukurasa wa daftari ya namna hiyo huwa na tarehe ya kuzaliwa, tarehe za vyeo, mahali alipotumikia ndani na nje ya nchi, vita alivyovihudhuria, majeraha, nishani, na mara nyingine ndoa na watoto. Ni ukurasa mmoja au miwili, si zaidi. Wengi hudhani kwamba kila ofisa aliachiwa jalada nene la barua. Si hivyo. Majalada ya namna hiyo ni ya baadaye, ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nayo yako katika WO 339 na WO 374. Na hata hayo ni masalio, kwa kuwa majalada makuu ya maofisa yaliteketea London katika mabomu ya Septemba 1940. Mtafiti wa Kikongo atakayetaka kuwafuata maofisa wa Kiingereza waliopigana upande mmoja na Force Publique dhidi ya Wajerumani mwaka 1916 atayahitaji. Za waliotumikia baada ya hapo zilibaki Wizara ya Ulinzi, ambayo ilianza mwaka 2022 kuzihamishia Kew.

Onyo moja kuhusu vyeo. Katika Orodha ya Jeshi mtu mmoja aliweza kuwa na vyeo viwili kwa pamoja: cha rejimenti, na cha jeshi zima alichopewa kwa heshima baada ya vita fulani. Mfano mzuri tunao katika historia yetu wenyewe. Edmund Barttelot wa rejimenti ya Fusiliers, aliyeachwa na Stanley Yambuya kuongoza kikosi cha nyuma na kuuawa Banalya tarehe 19 Julai 1888, huitwa na watu wote "meja". Umeja wake ulikuwa wa namna hiyo ya pili; rejimentini alikuwa kapteni. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, anasimulia habari za Stanley na za watu wale wa nyuma, na mwenye kulinganisha masimulizi yake na ya Wazungu hana budi kwanza kujua nani alikuwa nani, na kwa cheo gani.

Stairs naye alikuwamo katika msafara huohuo wa kumwokoa Emin Pasha, mwaka 1887 hadi 1889, akapita msitu wa Ituri wote. Tarehe 13 Agosti 1887, huko Avisibba, kwenye mto Aruwimi, alichomwa kifuani na mshale wenye sumu. Daktari Thomas Parke aliifyonza sumu kwa mdomo. Ncha ya mshale ilibaki mwilini zaidi ya mwaka. Kisa hicho kimechongwa katika shaba, chini ya sanamu ya Parke iliyoko Dublin, na pengine ndiyo sura ya Stairs iliyoonwa na watu wengi kuliko zote. Mwezi wa Juni 1889 alipanda mlima Ruwenzori kupita futi 10,000, na kilele kimoja cha kundi lile kinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Msafara wa Emin haukuwa vita vya Malkia. Ulikuwa shughuli ya kamati ya watu binafsi, na maofisa wa jeshi walikwenda kwa ruhusa. Kwa hiyo haukuzaa nishani ya kijeshi ya Kiingereza, na hilo linatuleta kwenye sare, maana nishani ni sehemu ya sare. Badala yake Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitoa medali zake mwaka 1890, dhahabu kwa Stanley na shaba kwa wasaidizi wake Wazungu. Lakini si wao tu. Chama hicho kilitengeneza pia nyota za fedha, zenye ncha tano na jina la msafara, kwa ajili ya wapagazi na askari wa Zanzibar waliorudi hai. Nyota hizo huonekana bado mara kwa mara katika minada ya Ulaya, na huuzwa ghali. Hazina jina la mtu. Kwa Mzungu unaweza kujua tarehe aliyoshonewa tepe. Kwa mwungwana aliyebeba mzigo kutoka Matadi hadi Ziwa Albert, akazika nusu ya wenzake njiani, unabaki na kipande cha fedha kisichosema kilikuwa cha nani. Orodha za mishahara za msafara zina majina mengi, na kazi ya kuyaoanisha majina hayo na masimulizi ya Kiswahili ya Zanzibar na Bagamoyo ingefaa sana kufanywa na watu wenye lugha.

Sasa sare. Askari wa kawaida wa Kiingereza alipewa nguo na serikali, ofisa alijinunulia. Alikwenda kwa fundi cherehani wa London, akapimwa, akalipa, au akakopa. Serikali ilichapa kitabu cha Kanuni za Mavazi ya Maofisa kueleza kila kitu kiwe vipi, na matoleo yanayotuhusu ni ya 1883 na 1891. Baina ya kanuni na fundi kulikuwa na nafasi ya mapenzi ya mtu, ndiyo maana makoti mawili ya cheo kimoja hayalingani sawasawa.

Luteni wa Wahandisi katika miaka ya 1880, siku ya gwaride kubwa, alivaa koti jekundu lenye kola na pindo za mikono za mahameli ya buluu, suruali ya buluu iliyokoza yenye mstari mwekundu, na helmeti ya kitambaa cha buluu yenye mchomo juu. Mkanda wa upanga wake ulikuwa wa ngozi ya Kirusi yenye nyuzi za dhahabu, na katika kola alikuwa na alama ya bomu linalowaka, lenye ndimi tisa za moto. Ndimi hizo zihesabiwe, kwa maana watu wa mizinga walikuwa na bomu lilelile lenye ndimi saba, na wauzaji wa vitu vya kale huzichanganya kila siku. Kapteni wa Rejimenti ya Wales alivaa koti jekundu vilevile, lakini kola na pindo zake zilikuwa nyeupe. Hiyo ilikuwa kanuni ya mwaka 1881, iliyozipa rejimenti za Uingereza na Wales zisizo na jina la kifalme rangi nyeupe, za Scotland manjano, za Ireland kijani, na zile za kifalme buluu. Alama yake ilikuwa joka la Wales na manyoya matatu ya Mwana Mfalme.

Kwa hiyo mtu akikutana na picha iliyoandikwa chini yake "Kapteni Stairs", maswali ya kuiuliza yanajulikana. Kola ni ya rangi gani? Alama ni bomu au joka? Begani mna nyota ngapi? Swali la nyota ndilo linalowapotosha wengi. Tangu mwaka 1880 luteni wa Kiingereza alikuwa na nyota moja begani, na kapteni mbili. Mwaka 1902 hesabu ikabadilishwa: luteni mbili, kapteni tatu, kama ilivyo mpaka leo. Msomaji wa Kongo, aliyezoea desturi ya Kibelgiji tuliyoirithi, ambayo nayo humpa luteni nyota mbili na kapteni tatu, akiona nyota mbili katika picha ya 1891 atasema kwa hakika kwamba huyu ni luteni. Kumbe ni kapteni. Na akiona nyota moja atadhani ni kijana aliyetoka chuoni jana.

Rangi nazo zina mtego. Bamba za picha za wakati ule hazikuiona nyekundu, ziliigeuza nyeusi. Buluu ziliifanya hafifu, karibu na kijivu cheupe. Basi katika picha ya mhandisi koti jekundu huonekana jeusi, na mahameli ya buluu, ambayo kwa macho ni nzito kuliko nyekundu, huweza kuonekana nyepesi. Mtu asiyejua hilo ataona kola nyepesi juu ya koti jeusi na kusema ni nyeupe, ni ya Wales, basi picha ni ya 1891. Mahali pa kutulia ni kwenye alama na vifungo, si kwenye rangi. Na ikiwa koti ni lile la kawaida la buluu lenye tarizi nyeusi, lililovaliwa na maofisa wa vikosi vingi kwa kazi za kila siku, hata hapo pana mashaka, na ni heri kuyakiri mashaka kuliko kuandika tarehe ya uongo.

Tukishika kanuni hizo, picha yenye bomu na nyota moja itakuwa ya kati ya 1885 na mwanzo wa 1891. Na picha yenye joka na nyota mbili haiwezi kuwa ya wakati mwingine isipokuwa majuma machache ya mwaka 1891 kabla ya Stairs kupanda meli, kwa sababu hakurudi tena Ulaya.

Je, aliivaa sare hiyo mbele ya Msiri? Wachoraji wa magazeti ya Ulaya, ambao hawakupata kuiona Bunkeya, walipenda kuwavika wasafiri mavazi nadhifu. Sisi hatuoni sababu ya kuwaamini. Koti la mahameli na dhahabu halikuwa nguo ya safari ya miezi mitano na zaidi kutoka Bagamoyo, waliyoianza mwanzoni mwa Julai, hadi Bunkeya walikofika tarehe 14 Desemba. Kaki ilikuwa bado nguo ya India na ya vita vichache vya nje; ilienea kwa jeshi zima baadaye sana. Wasafiri walijinunulia nguo nene za kutembea na kofia za jua, nazo, kama tunavyosoma kuhusu msafara wa Emin, ziliwaraukia mwilini. Lakini hoja iliyo nzito kuliko joto ni ya sheria. Ofisa wa Malkia hakuwa Bunkeya kwa amri ya Malkia. Cecil Rhodes alikuwa akiitaka Katanga kwa ajili ya kampuni yake, na mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuwa amefika kwa Msiri na kukataliwa. Kuvaa koti jekundu huku ukipandisha bendera ya Leopold lingekuwa jambo la kuleta maswali London na Bruxelles pia. Hata nishani za nchi za nje ofisa wa Kiingereza hakuruhusiwa kuzivaa bila idhini ya mfalme wake. Basi mtu aliyesimama mbele ya Msiri alikuwa kapteni kwa cheo, raia kwa nguo, na mtumishi wa kampuni kwa mkataba.

Hapo ndipo hati za London zinapofikia mwisho wa uwezo wao. Daftari ya utumishi huandika utumishi wa Taji, na Bunkeya haukuwa utumishi wa Taji; hapakuwa na vita vilivyotangazwa, hapakuwa na nishani wala kipande cha fedha cha kuongeza katika utepe. Anayetafuta Kew jina la Msiri katika ukurasa wa ofisa huyu anatafuta mahali pasipo pake. Itambidi aende Ubelgiji, kwenye karatasi za Dola Huru na za kampuni, na Tervuren, ambako makumbusho yanatunza karatasi za Stanley, pamoja na barua za maofisa wake, tangu ziliponunuliwa mwaka 2000. Shajara ya Stairs ya safari ya Katanga ilichapwa kwa Kifaransa Bruxelles mwaka 1893 katika Le Congo illustré, baada ya kifo chake, na wachapishaji wa Kiingereza wa miaka ya 1990 waliirudisha kutoka Kifaransa hicho. Kwa hiyo tunapomsikia Stairs akisema kwa Kiingereza juu ya Bunkeya, tunamsikia kupitia milango miwili, na mlango wa kwanza ulikuwa mikononi mwa watu wenye masilahi ya kikoloni. Shajara zake za msafara wa Emin hali yake ni nyingine. Zile ziko Halifax, kwa mkono wake.

Kuna sababu ya kuhangaika na haya yote kupita udadisi wa sare. Masimulizi ya Bayeke, ambayo Antoine Munongo aliyakusanya pamoja na kumbukumbu za Mukanda-Bantu katika kitabu chake cha 1967, hayakumaliza habari ya Msiri kwa risasi. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na inasimuliwa kwamba kilichukuliwa na msafara. Mpaka leo hakijulikani kilipo. Katika miaka hii ambapo familia na mataifa yanaulizia mabaki ya wafu wao katika makumbusho ya Ulaya, swali la kichwa hicho si la hadithi tena. Likiulizwa kwa njia ya hati, linakuwa swali jepesi kulitamka: mizigo ya Stairs ilikwenda wapi?

Msafara uliondoka Bunkeya mwezi wa Februari 1892, Stairs akiwa mgonjwa sana wa homa, akibebwa. Hawakurudi kwa njia waliyojia. Walikwenda kwa Ziwa Tanganyika, kisha Nyasa, mto Shire na Zambezi, hadi baharini. Kapteni alikufa Chinde, mlangoni mwa Zambezi, tarehe 9 Juni 1892, akiwa hajatimiza miaka 29, na akazikwa hukohuko. Kati ya watu wapatao mia nne walioanza safari, waliorudi Zanzibar hawakufika mia mbili. Moloney na de Bonchamps waliendelea na safari ya nyumbani.

Mali ya ofisa aliyekufa hupita katika mikono ya sheria. Wosia za Waingereza, na mirathi ya wasioacha wosia, ziliorodheshwa kila mwaka katika kalenda ya mirathi ya Uingereza na Wales, inayosomeka hadharani. Na kwa kuwa jamaa zake walikuwa Halifax, mahakama ya mirathi ya Nova Scotia nayo haina budi kuangaliwa. Karatasi hizo hazitaandika fuvu. Zaweza kuandika masanduku, aliyeyapokea, na meli iliyoyachukua. Na Chinde penyewe palikuwa na kipande cha ardhi ambacho Wareno waliwakodisha Waingereza tangu miaka ile ya 1890 kwa ajili ya meli zinazokwenda Nyasa, chenye ofisa wa konseli na karatasi zake. Tufani ya mwaka 1922 iliubomoa mji, na mwaka uliofuata ukodishaji ukakoma. Kilichoandikwa na konseli kuhusu mwezi wa Juni 1892 kilipelekwa London wakati wake, nacho kitafutwe huko, katika barua za Wizara ya Mambo ya Nje, si za Wizara ya Vita.